Midomo Haikugusana

Siwema aliona midomo kwanza. Neno lililotoka kwenye vipaza sauti alilisikia baadaye kidogo, kama alivyolisikia kila mtu uwanjani, lakini midomo ya Mheshimiwa Sana aliiona mapema, na midomo hiyo haikugusana.

Alikuwa amesimama mstari wa mbele, si kwa cheo, kwa ufupi. Wananchi wa nchi ile (jina lake silitaji, maana wenyewe bado wako kwenye mchakato wa kulichagua) hupelekwa mikutanoni kwa malori na kupangwa kwa kimo, ili Mheshimiwa Sana akitazama aone nyuso tupu, asione kisogo cha mtu. Siwema alikuwa mfupi kuliko wote waliopanda lori la mtaa wao, kwa hiyo alikabidhiwa kibendera na kusukumwa mbele. Huko mbele hakujua aangalie wapi. Macho ya watu yalimtia haya tangu utotoni. Akaangalia mdomo.

Na midomo aliijua. Mama yake alipoteza masikio kwa homa, Siwema akiwa darasa la nne, na mwaka uleule akatolewa shule ili amtunze. Tangu hapo nyumba yao ikawa nyumba ya kuzungumza bila sauti. Binti alichezesha midomo taratibu, mama akasoma, maisha yakaenda. Sauti ikabaki kooni haina kazi, ikafifia, hata mbele ya watu wenye masikio yao kamili. Mwenye duka la mtaani alikuwa akimwambia, "Wewe binti, hiyo chumvi unainunua au unaiota?"

Basi siku ile Mheshimiwa Sana aliinua mkono, akavuta pumzi, akasema, "Nataka ifikapo Sikukuu ya Taifa, kila mwananchi awe na raha!"

Kipaza sauti kilikuwa cha siku nyingi. Kilikoroma, kikakohoa, na uwanja mzima ukasikia: kila mwananchi awe na raba.

 Watu walitazama miguu yao. Kisha Mheshimiwa Lukanyaga, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mienendo tu, akaanza kupiga makofi. Na katika nchi ile waziri akishapiga makofi, jambo linakuwa limeeleweka.

Jioni mama aliuliza kwa midomo, Amesema nini mkubwa wenu?

Siwema, aliyejua kuwa raba haitamkiki bila midomo kugusana, akajibu bila sauti, Raha.

Raha? Mama akacheka, akajishika mbavu. Halafu akamkazia macho bintiye. Na wewe mwanangu, unayo?

Siwema akaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia kila mama alipouliza. Mama akaendelea kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuondoka.

*

Tusije tukaionea Serikali. Ililichukulia agizo kwa uzito wote. Kesho yake tu Waziri wa Mienendo akawa Waziri wa Miguu na Mienendo, akapewa jengo, akaita waandishi.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa linalokwenda mbio haliwezi kwenda mbio likiwa limevaa kandambili. Kandambili zina sauti. Chapa, chapa, chapa! Hiyo si sauti ya maendeleo. Maendeleo hayasikiki yakija."

Hilo la mwisho watu wote walilikubali.

Mwandishi mmoja kijana, ambaye mama yake bila shaka alikuwa amemwonya, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Haiwezekani kwamba siku ile ilitamkwa raha?"

Waziri akatabasamu. "Kwani wananchi hawana raha?"

"Wanayo, Mheshimiwa."

"Sasa kama wanayo, waagizwe ya nini? Ni wazi ilikuwa raba."

Mwandishi akashukuru kwa ufafanuzi. Nasikia anaendelea kushukuru mpaka leo, huko huko alikopelekwa.

Mwanzoni wananchi waliitekeleza amri kwa namna wanavyofahamu. Wengi wao raba waliyoikuta shuleni ni ile ya kufutia penseli, na ile haina gharama. Watu wakatoboa vifutio vya watoto, wakavitia uzi, wakavivaa shingoni, wakapita mbele ya polisi vifua mbele. Siwema naye aliitafuta ya kwake ya darasa la nne, nyeusi kama korosho iliyoungua, akaitia mfukoni, akajisikia raia.

Wizara ikatoa tamko. Raba iliyokusudiwa ilikuwa ya miguuni, yenye soli na kamba. Na yeyote atakayekutwa na raba ya kufutia atahesabiwa kuwa na nia ya kufuta.

Kufuta nini, tamko halikusema, na hapo ndipo watu walipoogopa. Vyoo vya mji viliziba wiki hiyo.

*

Sikukuu ilipokaribia likatoka tamko jingine: asiye na raba haingii jengo lolote la umma. Si posta, si mahakama, si hospitali.

Mama Siwema wakati huo alikuwa amelazwa. Kikohozi kilikuwa kimemkausha mpaka pete ikaanguka yenyewe kidoleni. Hospitali ya nchi ile ni hospitali nzuri, ina geti la chuma na bustani ya maua, ila haitoi chakula. Anayelazwa huletewa na nduguye, saa sita mchana mpaka saa saba, kisha geti hufungwa. Mama Siwema nduguye alikuwa mmoja.

Jana Siwema alifika na chupa ya uji. Mlinzi, mtu mzima aitwaye Mbonde, alimtazama kuanzia chini.

"Binti, hizo nini?"

Siwema akachezesha midomo.

"Sikusikii. Hizo ni kandambili. Nenda katafute raba, mwanangu, mimi natumwa tu."

Alisimama nje ya uzio mpaka saa saba ikapita. Mama alikuja dirishani ghorofa ya kwanza, akiwa ameshikilia ukuta, akaangalia chupa, akaangalia geti, akaelewa. Akamwambia kwa midomo, Wala sina njaa.

Mama alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini uongo haukuwamo. Midomo ilimtetemeka.

Kwa hiyo leo asubuhi Siwema alipika uji mwingine, akatia karanga, akafunga kifuniko kwa nguvu zake zote. Akafungua sanduku, akatoa doti ya kanga ambayo mama alikuwa ameiweka ya kuvaa siku atakayoruhusiwa kutoka. Kitu kingine cha kubadilisha hakikuwamo ndani. Akaiweka kwapani, akaenda Mtaa wa Msukumano kutafuta raba.

*

Msukumano ndiko kunakouzwa viatu vyote vya nchi ile. Ukiingia huko huna haja ya kutembea, unabebwa na mabega ya watu, nawe unachagua tu mahali pa kushukia. Muziki unapigwa kila duka, kila duka na wa kwake. Raba zimening'inizwa kwenye kamba kama samaki: nyeupe, nyekundu, za kijani kibichi zenye soli ya taa inayowaka ukikanyaga.

Wachuuzi wa mtaa huo wana desturi yao ya zamani. Huanika nje mguu mmoja tu wa kila pea, mwenzake wakaufungia ndani, kwa kuwa mwizi hana kazi na mguu mmoja. Sasa Mheshimiwa Lukanyaga alipokuja kukagua utekelezaji, aliona mitaa kwa mitaa ya mguu mmoja mmoja. Akauliza, mbona wengine wanauza wa kushoto na wengine wa kulia, bila mpango? Jibu hakulisubiri. Waziri akatoa agizo papo hapo: mguu wa kushoto uuzwe upande wa kushoto wa barabara, wa kulia upande wa kulia, ili pande zote mbili zipate maendeleo sawa.

Wachuuzi wakahamisha. Ndugu wawili, Kitwana na Feruzi, waliorithi kibanda kimoja kwa baba yao, waligawanywa na lami. Kitwana akabaki na kushoto, Feruzi akaenda na kulia, na tangu hapo salamu walipeana kwa kupungiana.

"Dada mfupi! Dada mfupi, karibu!" Kitwana ndiye aliyemnasa Siwema mkono. "Una mguu wa kistaarabu wewe. Namba ngapi?"

Siwema akasema.

"Ngapi? Usiiambie raba, niambie mimi."

Akasema tena.

"Jamani, mdomo unacheza na redio imezimwa!" Wateja wakacheka. Siwema uso ukamwaka. Akachukua kijiti, akachora namba kwenye vumbi.

"Aaa, thelathini na sita! Mguu wa mtoto. Ninayo, nyeupe, soli haijasagika, aliyeivaa huko kwao alikuwa hatembei, alikuwa anaendeshwa." Akaivuta kwenye kamba, akaipigapiga. "Una nini?"

Siwema akaonyesha kanga.

Kitwana akaipapasa, akanusa, akaikunjua. "Hii bado ina gundi ya dukani. Ya mama?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kitwana akaikunja tena taratibu. "Doti ni vipande viwili. Nipe kimoja uchukue kushoto. Kimoja kampe ndugu yangu ng'ambo, akupe kulia. Mwambie Kitwana anakusalimu, na mwambie sufuria ya mama bado iko kwangu."

Wakaichana doti katikati, pale pale vipande vinapokutana. Siwema akavaa mguu wa kushoto. Ulimtosha kabisa. Akavua kandambili moja, akaishika mkononi, akageukia barabara.

Barabara ilikuwa imefungwa.

*

Kamba ya manila ilikuwa imevutwa toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho, pande zote mbili, na nyuma yake askari walisimama kila hatua chache. Lami katikati ilikuwa tupu, safi, haina hata ganda la muwa.

"Msafara," alisema afande aliyesimama mbele ya Siwema, kabla hajaulizwa. "Waziri anapita."

"Anapita saa ngapi, afande?" aliuliza mama mmoja mwenye ndoo.

"Akipita utajua amepita."

"Na tukitaka kuvuka?"

"Mtavuka akishapita."

"Na asipopita?"

"Mama, usilete siasa barabarani."

Jua lilikuwa likipanda. Siwema aligusa chupa ya uji, bado ya moto. Akachezesha midomo mbele ya afande: Mama yangu yuko hospitali. Afande akatazama juu ya kichwa chake, akasikia muziki tu.

Ng'ambo, Feruzi alikuwa amesimama juu ya meza na raba za kulia mabegani. Kitwana akamwona. Akapiga mluzi. Akaweka viganja mdomoni.

"Feruziii! Thelathini na sita nyeupe! Kulia!"

"Kulia kwangu au kulia kwako?"

"Kulia kwa mguu, mwendawazimu wewe!"

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Afande akageuka. "Hakuna kuvuka!"

"Sivuki mimi, afande," Kitwana akajibu. "Inavuka raba. Amri imekataza raba?"

Afande akafikiri. Ilikuwa dhahiri kwamba hakutarajia kufikirishwa siku hiyo. Amri ilizungumzia watu, na raba, kwa mujibu wa kila tamko alilosomewa kambini, ilikuwa jambo jema. Akaigeukia lami.

Ndipo mtaa mzima ukaanza kurushiana. Raba za kushoto zilipaa kwenda kulia, za kulia zikapaa kuja kushoto, zikapishana hewani, nyingine zikigongana na kuanguka kwenye lami iliyokatazwa, ambako hakuna aliyethubutu kuzifuata. Mama mwenye ndoo alidaka ya kwake kwa ndoo. Watu walipiga vigelegele. Siwema mwenyewe, bila kujijua, alikuwa akitabasamu.

Kitwana akafunga kile kipande cha pili cha kanga fundo, ndani akatia kijiwe, akarusha. Kikavuka vizuri. Feruzi akakidaka, akakibusu kwa utani, akachukua raba nyeupe, akazungusha mkono.

Ving'ora vikalia.

Feruzi alishituka wakati anaachia. Raba ilipaa fupi. Siwema aliifuata kwa macho, akanyoosha mikono juu ya kamba, vidole vyote, akaiona ikishuka kama ndege aliyepigwa manati. Ikaangukia katikati ya barabara, ikakaa wima, safi, kamba zake zimefungwa, kama inayosubiri mtu.

Siwema akainama kupita chini ya kamba. Afande akamvuta nyuma kwa ukosi.

"Unataka kufa?"

Msafara ukapita. Pikipiki, magari meusi, gari la wagonjwa lisilo na mgonjwa, magari meusi tena. Kwenye dirisha moja mkono mnene ulikuwa unapunga. Na lilipopita gari la mwisho, lori lenye vipaza sauti, raba haikuonekana pale ilipokuwa. Ilikuwa imenasa kwenye tairi la nyuma na kwenda nalo, ikipigapiga lami, mpaka kona.

Ng'ambo Feruzi alishika kichwa. Akataka kurusha nyingine. Hakukuwa na thelathini na sita nyingine. Akainua kile kipande cha kanga kukirudisha, lakini Siwema alikuwa ameshaanza kukimbia, raba mguu mmoja, kandambili mguu mwingine, chupa ya uji kifuani. Saa ya msikitini ilionyesha saa sita na zaidi.

*

Nje ya geti la hospitali palikuwa na umati. Msafara ulikuwa umeishia hapo hapo. Waziri wa Miguu na Mienendo alikuwa amekuja kuona wagonjwa wanavyonufaika, na kwa sababu za kiusalama wagonjwa walizuiwa kumwona. Vipaza sauti vya uwanjani, vile vile vya siku ile, vilikuwa vimeshushwa kwenye lori na kutundikwa kwenye miti.

Siwema alijipenyeza mpaka kwa mlinzi Mbonde.

Mbonde akatazama mguu wa kwanza, akafurahi. Akatazama wa pili, furaha ikamtoka. "Sasa hapa binti umeniweka njia panda. Nusu unaruhusiwa." Akawaza kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Hiyo chupa... kifuniko chake si kina ile raba ya kuzuia kuvuja? Chupa yenyewe naona inakidhi. Ila haina miguu ya kupanda ngazi."

"Kuna nini hapo?" Sauti ilitoka juu, ikajaa mti mpaka mti. Waziri alikuwa ameona kamera zikigeuka, naye hakuzoea zigeuke kwa mwingine. Akaja, raba zake nyeupe zikimeta, akamshika Siwema bega. "Ndugu wananchi, mwoneni binti huyu! Mguu mmoja umekwisha kuendelea, mmoja uko mbioni! Hii ndiyo picha ya taifa letu!"

Makofi.

"Usiogope, mwanangu. Sema na taifa. Una raba, huna raba?" Akamsogezea kipaza sauti mdomoni.

Siwema hakuweza kumtazama. Aliinua macho juu, kwenye dirisha la ghorofa ya kwanza. Mama alikuwepo. Leo hakuwa amesimama. Kilionekana kichwa tu, kidevu kimelazwa kwenye kizingiti kama kitu kilichosahauliwa pale. Midomo yake mikavu ikachezacheza.

Umekula, mwanangu?

Koo la Siwema likafunguka, pasipo ruhusa yake.

"Sina raha," alisema.

Vipaza sauti vikakoroma, vikakohoa, vikatangaza mti hadi mti: SINA RABA.

"Mmesikia!" Waziri akanguruma. "Amekiri kwa uwazi! Na Serikali sikivu haitamwacha. Apewe raba! Pea nzima!" Msaidizi akamnong'oneza. "Atakabidhiwa rasmi siku ya Sikukuu, mbele ya Mheshimiwa Sana. Kwa leo apigiwe makofi."

Akapigiwa. Yalikuwa makofi mazuri, marefu. Ndani ya hospitali muuguzi akatoka na kengele ya saa saba mkononi, akasimama kungoja makofi yaishe ndipo aipige.

Siwema akakisukuma kipaza sauti pembeni kwa kiganja. Taratibu, kama mtu anayeondoa tawi njiani. Waziri alishangaa hata akakiachia. Kisha yule binti ambaye mwenye duka hakuwahi kumsikia akiomba chumvi akafungua kinywa, na sauti iliyolala tangu darasa la nne ikatoka yote kwa pamoja, nene, yenye kutu, si ya mtoto tena.

"Nimesema raha!"

 Mbonde, mkono wake ukiwa kwenye komeo la geti, akamtazama midomo. Wote walikuwa wakimtazama midomo.

"Raha! Hata Mheshimiwa Sana alisema raha, mlisikia mlichotaka. Huu ni uji. Mama yangu hajala tangu juzi!"

Kule dirishani mama alikuwa ameinua kidevu. Hakuwa amesikia kitu, si vipaza sauti, si makofi. Aliona tu kwamba mwanawe anasema, na kwamba kwenye neno moja midomo haigusani. Akauliza kwa midomo yake swali lile la kila siku: Na wewe mwanangu, unayo?

Na Siwema, ambaye miaka yote aliitikia kwa kichwa, akamjibu kwa sauti ambayo mama peke yake hakuweza kuisikia:

"Sina, mama. Sijawahi kuwa nayo."